Pua iliyowasha usiku kucha

Leo nimeamka mapema kumpikia wifi uji wa pilipili manga, kajifungua juzi, harufu ilivyopanda tu nikajikuta nakuna pua na kucheka peke yangu jikoni. Huyu mwanangu wa pili, yule wa oparesheni, ananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Siku ya kumzaa yeye, uchungu masaa 14, njia imegoma kufunguka, mara tupo chumba cha oparesheni, mara mtoto huyo analia. Kwa vile mrija wa ganzi nilishawekewa mgongoni tangu leba, daktari wa usingizi akapitishia humohumo morfini, dawa kali ya maumivu, miligramu 3 hivi, akasema itachukua kama saa nzima kukolea ila ikikolea inaweza kunibeba mpaka kesho yake. Ubaya wake inaweza kupunguza pumzi hata masaa mengi baadaye, ndo maana usiku kucha sista alikuwa anakuja kila saa na tochi, anasimama anatazama kifua changu kinavyopanda na kushuka, anahesabu kimoyomoyo, anaandika, anaondoka.

Maumivu hakuna. Yaani nimepasuliwa tumbo na nimelala kama nimechanjwa mkono. Ila pua jamani! Pua, mashavu, kifua, vyote vinawasha mpaka nataka kujisugua ukutani. Mama akaapa ni pilipili manga ya kwenye chupa yake, uji wenyewe hata sijaruhusiwa kuuonja. Sista akasema ni dawa ya mgongoni wala sio aleji, akanipa piritoni, wapi.

Sasa kitanda cha pili. Binti mdogo tu, aliingizwa kwa dharura akapigwa nusu kaputi, yeye hakuwa na mrija, anachomwa sindano ya paja na inaisha nguvu kabla ya ile nyingine kufika. Kaing'ata kanga. Kila akijigeuza namsikia pumzi inakatika katikati. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi mzazi nipo pale najikuna.

Alfajiri akanigeukia, macho mekundu. "Dada, wewe huumwi?"

Nikamwambia, "Naumwa mdogo wangu, navumilia tu."

Sijui kwa nini nilisema vile. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia pole. Maumivu yangu yalikuja mchana, morfini ilipoisha, nikakohoa mara moja tu nikaita majina yote ya ukoo, yeye akawa kashachukua usingizi.

Uji huu unaungua.