Raspberry Pi 4 yangu: nilitaka kuongeza volteji, nikaishia kuipunguza

Tarehe 10 Januari

Raspberry Pi 4 yangu, kompyuta ndogo ya bodi moja, inakaa juu ya kabati la sebuleni, Dar es Salaam, bila feni, ikiwa na kipande cha alumini chenye mapezi kilichogundishwa juu ya prosesa. Kazi inayoitesa ni moja tu: kupunguza ukubwa wa video za harusi na sendofu ambazo ndugu huniletea kwenye flashi. Video ninayoitumia kwa majaribio ilichukua dakika 38 kwa ffmpeg, programu ya kubadili video. Prosesa yake, BCM2711, ilitoka mwaka 2019 ikiwa na kasi ya gigahezi 1.5, na bodi za baadaye, yangu ikiwemo, zinaruhusiwa kufika 1.8 kwa mstari wa arm_boost=1 ndani ya faili la mipangilio, config.txt. Mimi nikataka 2.0.

Kasi hiyo haipatikani kwa kuongeza mapigo ya saa ya prosesa peke yake, kwa sababu transista, yaani swichi ndogo zilizo ndani yake, zinazotakiwa kugeuka haraka zaidi, kabla pigo linalofuata halijafika, zinahitaji volteji kubwa zaidi. Kidhibiti cha volteji kinachofanya kazi hiyo hakifanani na stebilaiza ya friji. Ni chipu ndogo kuliko ukucha, inayopokea volti 5 na kuzikatakata kwa kujiwasha na kujizima mara nyingi mno kwa sekunde, kisha koili na kapasita zilizo pembeni yake zinalainisha kinachotoka, hadi prosesa ipate kiasi cha chini ya volti 1. Programu inayowasha bodi ndiyo inayoiambia chipu itoe kiasi gani, nayo husoma mstari wa over_voltage, ambapo kila hatua ni volti 0.025. Hatua zinaanzia −16 hadi 8, ila anayevuka 6 analazimika kuweka pia force_turbo=1, na hapo bodi hujiwekea alama ya kudumu kwamba dhamana imevunjwa. Sikuona sababu ya kufika huko. Niliandika arm_freq=2000 na over_voltage=6, nikaiwasha upya, na ikawaka bila manung'uniko.

Tarehe 11 Januari

Manung'uniko yalikuja dakika ya tisa ya video, bodi ilipoganda. Nilipoiwasha tena na kuirudishia kazi ileile, amri ya vcgencmd get_throttled, inayoiuliza bodi kama imebanwa, ilijibu 0x50005. Namba hiyo husomwa kwa biti, yaani tarakimu za 0 na 1 zinazoiunda: ile 5 ya mwisho ni biti 0 na biti 2, maana yake umeme unaoingia ni mdogo sasa hivi na kasi imebanwa sasa hivi, ile 5 ya mbele ni biti 16 na 18, kwamba mambo hayohayo yamewahi kutokea tangu bodi iwashwe. Nilikuwa nimekwisha kuilaumu prosesa, kumbe haikuwa na kosa. Nikachukua multimita, nikagusa pini ya 4 na ya 6 wakati video ikiendelea, nikapata volti 4.58, ilhali chaja yenyewe ilikuwa inatoa 5.12. Zaidi ya nusu volti ilikuwa inapotelea njiani, ndani ya waya mrefu mwembamba niliouchukua kwenye droo bila kufikiri. Bodi hii huanza kulalamika umeme ukishuka chini ya volti 4.63. Kwa waya mfupi na mnene, pini zilezile zilionyesha 4.97.

Tarehe 17 Januari

Umeme umetulia, haigandi tena, lakini video imechukua dakika 41. Nilirudia mara mbili kwa sababu sikuamini. Chumba kilikuwa na nyuzi 32, prosesa ikafika 82, na ikishapita 80 hujipunguzia kasi yenyewe. Measure_clock, amri inayosoma kasi halisi, ilikuwa ikishuka mara kwa mara chini ya gigahezi 1.3. Nilikuwa naendesha gigahezi 2.0 kwa jina tu.

Hesabu inaeleza vizuri. Nguvu inayotumika kugeuza transista hukua sawasawa na kasi, lakini kwa volteji hukua kwa kipeo cha pili. Kwenye 1.8 measure_volts, amri inayosoma volteji ya prosesa, ilikuwa inanipa 0.87, kwenye 2.0 ikanipa 1.02. Kasi imeongezeka kwa asilimia 11, ilhali nguvu hiyo imeongezeka kwa zaidi ya nusu, na yote inageuka joto chini ya kipande kilekile cha alumini. Feni ingesaidia, nakubali, ila sebuleni kuna watu wanaolala mchana.

Tarehe 18 hadi 25 Januari

Nikageuza nia: kasi ibaki 1.8, volteji ndiyo ishuke. Hapa kipimo cha kuwaka peke yake hakitoshi, kwa kuwa prosesa yenye njaa ya volteji inaweza kukosea hesabu kimyakimya na kukuachia faili bovu. Kwa hiyo kila usiku niliibadili video ileile mara sita mfululizo kwa mipangilio ileile, nikalinganisha namba za md5sum, zinazokokotolewa kutoka faili zima, ambazo zilipaswa kufanana zote.

Hatua ya −4 haikumaliza hata kuwaka. Nilichomoa kadi ya memori na kurekebisha faili kwenye laptopu. Hatua ya −3 ilinidanganya. Usiku wa kwanza namba zote sita zilifanana, nikalala nikiwa na furaha; usiku wa pili ya tano ilitofautiana na wenzake, na video yake ilikuwa na mraba wa kijani uliorukaruka kwenye shela la bibi harusi. Hatua ya −2 imepita usiku nne bila tofauti.

Kwa −2 measure_volts inasoma 0.82, joto linasimama kwenye 77 bila kuvuka, kasi haitikisiki kwenye 1.8, na video imemalizika kwa dakika 36. Ndivyo ilivyo sasa: arm_boost=1, over_voltage=-2, mstari wa arm_freq nimeufuta. Mwezi wa Julai, chumba kikipoa, nitairudia −3, si kwa matumaini makubwa. Waya ule mwembamba nimeupiga fundo katikati, nisije nikaushika tena gizani umeme wa nyumba ukikatika.