Nyani chini ya rangi nyeusi

Waya uliokuwa ukituletea umeme kutoka bara, ule uliopita chini ya bahari na kuibukia Fumba, uliharibika tarehe 10 Disemba 2009, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi. Mimi ni fundi simu, nina kimeza changu Darajani. Wiki za mwanzo nilikula vizuri kwa kuwachajia watu simu kwa jenereta, shilingi 500 kila moja. Kisha kila mwenye duka akanunua jenereta yake, na mie nikabaki na mikono mitupu na mchana mrefu. Ndipo nilipolikumbuka gemu la marehemu baba, lile sanduku kubwa la mbao lenye kioo na vitufe.

Lilikuwa stoo, nyumbani kwetu Mwembetanga, limefunikwa kanga kuukuu, mama kaliegeshea nyungo na mbuzi ya nazi. Waliokua mtaani kwetu miaka ya 90 wanalijua: Street Fighter II, gemu la kupigana. Jioni baba alilisukuma mpaka barazani, tukapanga foleni. Tundu la sarafu lilikuwa la hela za Marekani, halikubali zetu, kwa hivyo shilingi 20 ulimpa baba mkononi, naye akabonyeza kitufe cha kengele ya mlangoni alichokifunga ubavuni mwa sanduku. Basi "Aduken!" za mpiganaji Ryu zitalia mpaka imamu atume mtu.

Nilianza na msasa, nia yangu kulipaka rangi upya tu. Ile nyeusi ilipotoka, chini ikatokea buluu, buluu hafifu ya kitoto. Nikamwita mama aje aone.

"Si ndiyo rangi yake," akasema. "Lilikuja na nyani."

"Nyani gani?"

"Nyani anarusha mapipa, na kijana wa kofia anayaruka. Mie nikilicheza hilo usiku mkishalala."

Nilikuwa na miaka 29. Mama yangu, ambaye hata rimoti ya tivii humwita mtu amshikie, kumbe alikuwa akicheza gemu!

Kwa maelezo yake, baba alilinunua kwenye kontena la mitumba lililotoka Dubai. Bodi ya nyani, ule ubao wa umeme wenye gemu lenyewe, haikumaliza mwaka, ikaungua. Baba alikuwa fundi redio. Bodi kama ile hakuipata, akapata ya Street Fighter, akalilazimisha sanduku liipokee. Na kulilazimisha haikuwa kazi ndogo. Donkey Kong, maana ndiyo ile ya nyani, huchezwa kwa mkono mmoja, yaani kijiti cha kuongozea, na kitufe kimoja cha kurukia. Street Fighter inataka watu wawili, kila mmoja na mkono wake na vitufe sita. Baba akatoboa tundu 12 kwa keekee, na mbili za mikono. Donkey Kong kioo chake husimama wima; Street Fighter hulala. Basi akakifungua kioo kizima, akakilaza juu ya vipande vya mbao za mwembe alivyovichonga mwenyewe. Halafu ndiyo ile rangi nyeusi.

Mtoto wa ami yangu anaishi Toronto. Nilimwandikia, akatafuta, akapata bodi kuukuu ya Donkey Kong, akampa mtu aliyekuwa anakuja kuzika. Ilifika imefungwa kwenye taulo. Mama aliponiona nachomoa waya za baba moja moja alikaa kimya siku mbili. Ya tatu akaniambia: "Baba yako alikesha kwa hizo."

Nilijitetea kwa hadithi aliyonipa yule wa Toronto. Nintendo, kampuni ya magemu ya Japani, walipeleka Marekani mashine kama 3,000 za gemu lililoitwa Radar Scope, la mwaka 1980. Zikadoda, 2,000 hivi hazikupata mnunuzi. Wakampa kazi kijana mmoja, Shigeru Miyamoto, ambaye hadi hapo alikuwa mchoraji tu, abuni gemu jipya la kutiwa ndani ya masanduku yale yale. Likatoka Donkey Kong, mwaka 1981. Yaani hata huyo nyani aliingia kwenye nyumba ya mwengine.

"Sasa wewe unamtetea nani?" mama akauliza. Sikuwa na jibu, nikarudi kwenye msasa.

Miezi ile ilikuwa ya mbao. Mchwa walishakula miguu yote miwili ya nyuma. Nilikata sehemu mbovu, nikaunga mpya, nyufa nikaziba kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi nyeupe. Paneli ya matundu 14 sikuhangaika kuiziba. Nilikata plaiwudi nyengine. Kuwasha ndiyo sikuthubutu: umeme wa jenereta yangu ulikuwa ukipanda na kushuka kama pumzi za mgonjwa, na bodi ilikuwa ni hiyo hiyo moja.

Kwenye ubavu wa ndani baba alikuwa ameandika kwa penseli, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyozoea wazee waliosoma chuoni kabla ya skuli: waya ipi ni ya volti 5, ipi ya ardhi, ipi ukiigusa utajuta. Mimi herufi hizo kwenye msahafu nazisoma mbio, lakini kwenye Kiswahili bila irabu naenda kwa kubahatisha. Nilisoma nilichokihitaji, mengine nikayaruka.

Umeme ukarudi mchana. Mtaa mzima ulipiga kelele, hata waliokuwa na jenereta. Nikapima volti kwenye stepdauni, kile kifaa cha kushusha umeme, mara tatu, nikasema bismillahi, nikawasha.

Nyani alikuwepo. Mapipa yalikuwepo. Lakini palipotakiwa pawe peusi palikuwa peupe pe, na vyuma vyekundu anavyotembea kijana vilikuwa vya kijani. Kila kitu kama negativu ya picha ukiishikia taa.

Siku tatu. Nilichomoa chipu, nikasugua miguu yake kwa raba ya penseli, nikairudisha. Nilichomea upya risasi kila palipoonekana ufa. Nikaanza kumlaani aliyeiuza bodi ile. Usiku wa tatu nikiwa nimelala chali ndani ya sanduku na tochi mdomoni, macho yakaangukia mstari mmoja wa baba, karibu na kifurushi kidogo kama kiberiti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye waya za kioo. Mimi nilidhani ni sehemu ya kioo. Nikasoma polepole: Rangi kinyume. Nimezipindua hapa.

Ndani mlikuwa na transista tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Bodi za Nintendo za wakati ule hutoa rangi kinyume, na kioo chao, Sanyo, kiliundwa kizigeuze. Street Fighter hutoa rangi kama zilivyo, kwa hivyo kwenye kioo kile zilitoka kichwa chini miguu juu, na baba, bila kitabu wala intaneti, akajua lililopo akaliundia dawa. Sasa nyani karudi na dawa bado imo. Nilikata waya tatu, nikaziunga moja kwa moja, nikawasha. Usiku wa nyani ukawa mweusi.

Kile kifurushi nimekitia kwenye bati la biskuti pamoja na bodi ya Street Fighter. Atakayetaka kulirudisha lile gemu atavihitaji vyote viwili, na wapo wanaotaka: vijana wa baraza, sasa watu wazima na ndevu, walikuja wakamtazama nyani, wakaniuliza Ryu nimempeleka wapi.

Mama alikuja baada ya isha. Hakutaka kiti. Pipa la kwanza likamuua, akasonya. Mara ya tatu akafika juu kabisa kwa yule bibie aliyetekwa na nyani, nyani akamkwapua na kupanda naye.

"Bado hajamwacha tu," akasema, kama anamsema jirani.

Akacheza tena, akakwama kwenye ngazi, akakwama tena. Akauachia mkono, akautazama.

"Huu si wake. Ule wa zamani ulikuwa haukwami ngazini."

Ni kweli. Nilikuwa nimeubakisha mkono wa Street Fighter, unaokwenda pande nane, na gemu hili linajua pande nne tu. Ukiusukuma kidogo kombo, kijana hapandi. Asubuhi nilikata kibati cha debe chenye tundu la umbo la msalaba, nikakifunga chini ya mkono. Mama alikijaribu kabla hajabandika chai.