Haya mama, andika hiyo yako

Maneno matano yamenikaa kifuani tangu Jumamosi, na leo ni Ijumaa. Nimepika nayo, nimehesabu spea dukani nayo, nimelala nayo. Wiki hii kifungua mimba wetu amepata nafasi chuoni, mwenye nyumba ametupa notisi tuhame kabla ya mwisho wa mwezi, lakini mimi bado nimekaa kwenye kile kibaraza cha mabati karibu na Mau Summit, kikombe cha chai mkononi, namsikia mzee akiniambia: "Haya mama, andika hiyo yako."

Nianze pale tulipofika. Mnajua sisi watu wa barabara za kale tunavyofanya. Jumamosi moja kila mwezi tunachanga mafuta, tunaingia kwenye gari la mwenyekiti, tunakwenda kumtafuta mtu anayekumbuka. Mmoja anazipiga picha zile picha za zamani tunazoonyeshwa, mmoja anashika simu ya kurekodi, na mimi nashika daftari. Kazi yangu ni miaka. Tangu utotoni miaka hainitoki: nitakutajia kwamba dereva Joginder Singh alishinda Safari, yale mashindano yetu ya magari ya Safari Rally, mwaka 1965, 1974 na 1976, kwamba Shekhar Mehta aliibeba mara tano, ya kwanza 1973 na nne za mwisho mfululizo kuanzia 1979, na sitashika karatasi. Watoto wangu wanawajua madereva wa sasa kina Ogier na Rovanperä kwa sababu mashindano ya dunia yaliturudia 2021 baada ya kuondoka 2002, wakayaona Naivasha kwa macho yao. Mimi niliwajua wale wa zamani kwenye kalenda za duka la marehemu Baba. Kwenye kikundi wananitegemea kwa hilo, na nimekuwa nikilipenda sana tegemeo hilo.

Mzee tuliyemwendea alikuwa kibarua wa barabara wa Wizara ya Ujenzi. Alianza na jembe na karai, akapanda akawa tanboi wa greda, akamalizia kuwa nyapara. Hakuwahi kushika usukani wa gari la mashindano wala kuvaa kofia ya chuma. Ndiyo sababu nilimtaka. Madereva wana picha zao na vikombe vyao, lakini waliokuwa wakiitengeneza barabara ile hakuna aliyewahi kuwauliza kitu.

Alikaa kwenye kiti cha mbao, kofia yake ya manyoya imelala gotini. Bintiye alituletea chai na viazi vya kuchemsha. Mzee akaanza taratibu, kisha akachangamka, na sote tukajua tumepata. Akafika kwenye usiku mmoja wa Pasaka, mvua ya masika, tope hadi magotini.

"Huo ndio ule mwaka wa magari saba," akasema. "Magari yaliondoka mengi, yakarudi saba. Sitini na nane."

Nami nikasema, hata kabla hajavuta pumzi: "Hapana, mzee wangu. Magari saba ni sitini na tatu."

Akanitazama. "Sitini na tatu?"

"Ndiyo, mzee. Magari themanini na manne yaliondoka, saba yakamaliza. Nick Nowicki na Paddy Cliff, Peugeot 404. Ni sitini na tatu, nina hakika."

Akaishika kofia yake, akaizungusha kidogo gotini, mshono ukaja mbele. Akaweka kikombe kwenye sahani. Kisha akasema yale maneno. Hakuyasema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Aliyasema kama mtu anayempisha mwenye gari kubwa barabarani.

Rekodi ina dakika arobaini na moja. Hadi dakika ya ishirini na tatu ni sauti ya mzee peke yake, inapanda na kushuka. Dakika ya ishirini na tatu na nusu unasikia kikombe kikigusa sahani. Kuanzia hapo hadi mwisho ni sauti zetu sisi, na yeye anajibu "ndiyo", "hapana", "hilo silikumbuki vizuri". Kwenye gari tukirudi, mwenyekiti alisema mzee alichoka tu, ni umri. Nilinyamaza. Nilijua si umri.

Jumanne mchana duka lilikuwa kimya. Nikafungua daftari langu lile la jalada jekundu, ambalo ndani yake nimepanga Safari zote tangu ile ya kwanza ya 1953, iliyoanzishwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nilitaka kujihakikishia. Nikaukuta 1963: magari 84, saba yakamaliza, Nowicki na Cliff, Peugeot 404. Vizuri. Kisha nikafunua ukurasa wa pili, na huko, kwa mwandiko wangu mwenyewe, wino wangu mwenyewe: 1968, magari zaidi ya 90, saba yakamaliza, Nowicki na Cliff, Peugeot 404.

Saba mara mbili. Madereva walewale. Aina ileile ya gari. Hata Pasaka: nilitafuta kalenda, na Pasaka ya 1963 iliangukia tarehe 14 Aprili, na ya 1968 pia ikaangukia tarehe 14 Aprili. Kama ni kuchanganya, miaka hii miwili ilijiandaa yenyewe kumchanganya mtu. Wa 1963 walipewa kwa Kiingereza sifa ya kuwa saba mashuhuri, wa 1968 wakaitwa saba wasiozama. Nilijua haya yote. Niliyaandika. Lakini pale kibarazani kichwa changu kilitoa cha kwanza kilichokuwa karibu, na mdomo ukakipeleka kwa mzee kikiwa kimefungwa kwa neno "hakika".

Nikaivaa rekodi masikioni, nikairudisha mwanzo. Dakika ya kumi na nne, muda mrefu kabla sijamkatiza, mzee anasema usiku ule alimbeba begani kifungua mimba wake, "huyu aliyewaletea chai, alizaliwa mwaka wa Jamhuri". Jamhuri ni Desemba 1964. Mtoto wa Jamhuri hawezi kubebwa begani Aprili 1963. Dakika ya kumi na saba anasema nyapara wao wakati ule alikuwa Mwafrika, wa kwanza kwenye kambi yao, na kwamba alikuwa akiwapa ruhusa ya kuwaleta watoto watazame. Aprili 1963 Uhuru wenyewe ulikuwa bado miezi minane. Mzee alikuwa ameniwekea ushahidi wote mezani, kimoja baada ya kingine, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na kalamu nikiwaza nitakachosema.

Jumatano nikapiga simu. Bintiye akapokea, akampa. Nikaamkia, nikamwambia, mzee wangu, nisamehe, ulikuwa sahihi, ni sitini na nane, mimi ndiye niliyekosea. Kimya kidogo. Kisha akasema:

"Lakini mimi nilikwisha kuwaambia."

"Uliwaambia nani, mzee?"

"Wenzangu. Jumapili, baada ya ibada. Nikawaambia tulikuwa tunakosea miaka yote hii, ni sitini na tatu. Wale watu wana vitabu. Wakakubali."

Sikuwa na la kusema. Wenzake wawili waliobaki wa kambi ile, watu waliokuwepo, waliolowa mvua ile, wamebadilisha kumbukumbu yao kwa sababu mama mmoja wa duka la spea alisema ana hakika. Kikundi chetu kipo ili kumbukumbu hizi zisipotee. Tumekwenda pale tukaiharibu moja ikiwa bado hai, ikiwa na afya, na imedumu zaidi ya nusu karne bila sisi.

Mwenyekiti namheshimu, ila nilipomweleza alisema, "Si tutaandika tu mwaka ulio sawa? Yamekwisha." Kwenye maandishi yatakuwa yamekwisha, hilo nalikubali. Kanisani bado.

Jana usiku, wengine wamelala, niliwasha rekodi tena. Nilitaka kujiadhibu, nadhani. Ila safari hii niliacha kungojea dakika ya ishirini na tatu. Nilisikiliza tu. Na kikaja kitu ambacho sikukitarajia, nikajikuta nimekaa kitako kitandani natabasamu gizani.

Mzee anaeleza jinsi walivyoipitisha ile mbuga. Udongo ule mweusi, anasema, ukikauka unapasuka kama sufuria ya udongo, ukilowa unashika tairi kama mtoto anavyoshika titi. Walikata miti ya msitu wa serikali kwa ruhusa, wakaipanga kukingama barabara, wakamwaga kokoto juu kwa makarai, wakasikia kokoto zinazama, wakamwaga tena. Pembeni walichimba mtaro, si mrefu, hatua thelathini hivi, wa kuyaongoza maji yashuke kwenye kalvati badala ya kulala barabarani. "Dereva akipita hapo anadhani ana bahati," anasema, na unamsikia akicheka, ile sauti ya kabla sijaharibu.

Halafu usiku. Walitundika kandili mbili kwenye vigingi, moja upande huu wa tope na moja upande ule, ili dereva ajue mwanzo na mwisho. Gari ulilisikia muda mrefu kabla hujaliona. Kwanza kama nyuki mbali. Kisha linanyamaza, limeingia bondeni. Kisha linatoka likiwa karibu mno na taa zinapiga mvua, na mvua inaonekana kama nyuzi. Mtoto begani amemshika masikio yote mawili. Gari likapita kwenye magogo, gogo moja likaruka, tope likaja ukuta mzima likawafunika. Alipomgeukia mtoto akakuta mdomo umejaa tope, na mtoto anacheka. "Akaniambia, Baba, tamu."

Huyo ndiye mama mwenye umri wa kunizidi aliyetuletea viazi. Alikuwa amesimama mlangoni wakati mzee akiyasema haya, na kwenye rekodi unamsikia akisema kwa chini, "Haikuwa tamu." Jumamosi sikumsikia kabisa.

Na baada ya magari kupita? Hapo ndipo mzee alipokuwa akielekea, nasikia wazi. Anaanza: "Sasa asubuhi yake ndiyo kazi. Hiyo barabara asubuhi yake..." Kisha anarudi nyuma kidogo kuufunga mwaka, ili nimwelewe ni lini, anasema ule mwaka wa magari saba, na mimi nikaingia. Hiyo asubuhi hatukuipata. Magurudumu ya magari zaidi ya tisini yamepita kwenye tope, kisha mabasi na malori ya watu wa kawaida yanataka kupita Jumatatu ya Pasaka, na vibarua wachache wana makarai na jembe. Nimesoma mengi kuhusu Safari ya 1968. Sijawahi kukutana na hiyo asubuhi popote. Mzee alikuwa nayo mdomoni.

Mwezi uliopita niliwaandikia kuhusu njia ya Kapteni Sclater, ile ya miaka ya 1890 iliyotoka Kibwezi ikapanda hadi huku kwetu na kuendelea upande wa Ziwa, tulipokuwa tukitafuta kipande chake shambani mwa watu. Nililalamika kwamba jina la Sclater lipo na hakuna hata jina moja la mtu aliyeshika sururu. Na zile picha za teremko la Mai Mahiu mnazikumbuka, barabara iliyochongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa lao dogo pale chini. Wale angalau walijijengea kanisa. Niliyaandika hayo kwa uchungu mwingi. Sasa nimempata aliyeshika sururu, amekaa mbele yangu, anazungumza, na nikamnyamazisha kwa ajili ya tarakimu.

Kesho ningekwenda, ila mzee ana mazishi. Tumekubaliana Jumapili, na nimemwomba kitu kimoja: niende naye ibadani, nikae nje baada ya ibada pamoja na wenzake wawili, niwaambie mimi mwenyewe kwa kinywa changu kwamba walikuwa sahihi na ni mimi niliyekosea. Akafikiri. Akasema, "Njoo na kile kitabu chako, waone maandishi." Nitakwenda nacho. Nimeweka alama ya karatasi kwenye ukurasa wa pili. Daftari jingine, jipya, nimelinunua kwa ajili ya hiyo asubuhi, na simu atashika mwenzetu, kalamu nitaiacha mfukoni mpaka mzee amalize.

Sanduku la picha bado sijalifunga, na hatujui tunahamia wapi. Lakini kinachoniweka macho sasa hivi si hicho. Mama alikuja leo jioni kutusaidia kufunga vyombo, nikamwona akivua kiatu cha kushoto bila kufungua kamba, na mguu haukujibu nilipougusa kidole. Anasema umekufa ganzi tangu Jumapili iliyopita, anasema ni kukaa vibaya kwenye matatu. Ana sukari, na anajua kwamba najua. Sasa hivi amelala chumba cha watoto, na nimekwenda mara mbili na tochi kuuangalia kama umebadilika rangi.