Feni inanguruma, upepo hakuna: nilivyozibua matundu ya AC ya mchomoko wangu

Gari langu ni mchomoko, yaani gari dogo la kubebea abiria, la Kijapani la mwaka 2004. Kazi yake kubwa ni abiria na dagaa, Kirumba Mwaloni kwenda Kisesa, hapa Mwanza, na AC kwangu si anasa. Gunia la dagaa likikaa nyuma na joto la saa nane mchana, bila upepo abiria wa mbele hafiki Igoma bila kulalamika. Sasa AC ikaanza kuchoka. Feni naiweka namba nne inanguruma vilevile, lakini mkono kwenye tundu la katikati unapata pumzi ya mgonjwa. Tundu la kulia, la upande wangu, halitoi kitu kabisa.

Kila niliyemweleza alikuwa na jibu moja. "Kaka, gesi hiyo imeisha, jaza." Gesi niliikataa, maana hewa kidogo iliyokuwa inatoka ilikuwa ya baridi kweli. Gesi inahusika na ubaridi. Kusukuma hewa ni kazi ya feni, na hewa ina njia zake. Tena gesi si petroli, haiungui ikaisha. Ikipungua ujue imevuja mahali, na ukijaza bila kutafuta panapovuja, hela yako umeitupa ziwani.

Nikaanza na karatasi ya tishu. Nilichana kipande chembamba, nikawasha swichi bila injini, nikawa nakishika mbele ya kila tundu huku nabadilisha kasi ya feni. Moja, mbili, tatu, nne, zote zilikuwa zinatofautiana, kwa hiyo rizista, inayopanga kasi ya feni, ni nzima. (Gari ambalo feni yake inafanya kazi namba nne tu, hizo nyingine kimya, mara nyingi rizista ndiyo imeungua. Ni kifaa kidogo, kinakaa jirani na feni, na hakihitaji dashibodi kushushwa.) Kisha nikazungusha kitufe cha kuelekeza hewa: usoni, miguuni, kwenye kioo. Tishu ilihama nacho kila mara, kwa hiyo vile vimlango vya ndani vinavyogawa hewa vinafungua na kufunga. Ila kote upepo ulikuwa hafifu.

Hapo nikajua nina magonjwa mawili. Udhaifu wa kila mahali maana yake kuna kizuizi huko mwanzo, kabla hewa haijagawanyika. Tundu moja lililokufa peke yake lina shida yake, karibu na hapo lilipo.

Hewa ya nje inaingilia chini ya waipa, kwenye ule wavu mweusi ulio mbele ya kioo. Nikafungua boneti. Nalaza gari chini ya mwembe pale Buswelu, na mwembe ulikuwa umenilipa: majani makavu na maua yake yamejaa hadi kwenye kona. Nikayatoa kwa mkono. Kazi yenyewe ilikuwa ndani, nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Droo inatoka ukiibana pande mbili kwa ndani, na nyuma yake kuna kifuniko chembamba cha plastiki. Ndipo inapokaa filta, inayochuja hewa inayoingia ndani.

Niliivuta taratibu, na bado ilinimwagikia mapajani. Filta ni karatasi nyeupe iliyokunjwakunjwa. Yangu ilikuwa imefunikwa tabaka la kijivu lenye unene wa kidole, wadudu wa ziwani watupu. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa: ni wale wanaoinuka ziwani wingu zima, hasa kipindi cha mwezi mwandamo, wakijaa kwenye taa na kuta za nyumba. Ukipita nao barabara ya Igombe usiku, huku hewa ya nje iko wazi, unawanywesha gari. Walikuwa wameshikamana, mbawa zikionekana bado, na ukiwagusa wanavunjika vumbi linalonuka samaki. Miaka yote nilikuwa naamini ile harufu ni ya dagaa peke yao.

Filta nyingine niliipata duka la spea kwa Sh15,000. Kabla ya kuiweka nilishusha feni. Inakaa chini hapohapo miguuni kwa abiria, imeshikwa na skrubu tatu na soketi moja ya umeme. Mapezi yake yalikuwa yamejaa uchafu uleule katikati, kwa hiyo ilikuwa inazunguka bila kukamata hewa. Mswaki wa zamani ulitosha. Ukikuta kibanio kidogo cha chuma kwenye pezi mojawapo usikitoe, hicho kiko pale kwa ajili ya usawa wa mzunguko, na bila hicho feni itatetemesha dashibodi nzima.

Kupitia pale feni ilipotoka nilimulika evapoleta, kile kifaa kinachopoza hewa, kwa tochi ya simu. Sehemu hii hubaki na unyevu kila AC inapofanya kazi, kwa hiyo vumbi la dagaa linalovutwa unapozungusha hewa ya ndani linanata hapo na kuvunda. Nilipuliza povu la kusafishia evapoleta, nikaliacha lifanye kazi. Maji yakatoka chini ya gari kwa ule mpira wa kumwagia, meusi, kisha ya kahawia, kisha safi. Kama yangegoma kutoka, ningezibua ule mpira kwanza, maana ukiziba maji hurudi kwenye zulia la abiria.

Upepo wa katikati ukarudi palepale. Tundu la kulia bado, bubu.

Kwa lile ilibidi kugusa dashibodi. Nilitoa waya hasi wa betri, nikasubiri dakika kadhaa. Nyaya za njano huko ndani ni za eabegi, na siyo kitu cha kuchezea. Fremu ya tundu ilitoka kwa kipande cha plastiki kilichochongwa, bisibisi ingeikwaruza. Nikaingiza tochi, na sababu ikawa wazi. Aliyefunga redio kabla yangu alipitisha nyaya kwa nguvu, bomba la hewa likachomoka kwenye shingo yake. Upepo wangu wote ulikuwa unaishia gizani nyuma ya dashi. Na sponji ya kuziba kwenye maungio ilikuwa imekufa, inasagika mkononi. Zile chembe nyeusi zilizokuwa zinaruka kwenye mashati ya abiria, wao wakidhani ni wadudu, zilikuwa hizo.

Nilisogeza nyaya, nikarudisha bomba, nikakata ukanda wa sponji ya godoro na kuuzungushia kwenye shingo, gundi upande mmoja tu ili siku nyingine lifunguke. Vibao vya tundu lenyewe vilikuwa vimeachana, kimoja kinatazama juu, kingine chini. Kiungo chake cha plastiki kilikatika zamani. Fundi baiskeli wa jirani alinipa spoku kuukuu, nikaikata na kuikunja ncha zote mbili, ikaviunganisha vizuri kuliko ile plastiki.

Safari iliyofuata, mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alijifunika kanga hadi kidevuni kabla hatujafika Nyakato. Nikamuuliza, "Mayu, nipunguze?" Akasema punguza, mwanangu, unanigandisha.

Kilichobaki ni mlio wa tiki-tiki nyuma ya redio ninapohamisha kutoka baridi kwenda joto. Ni kimlango cha kuchanganya hewa, na kukifikia ni kushusha dashibodi yote. Mwanza hii nani anataka hewa ya moto, nimekiacha.