Ilimba ya babu na kanuni yangu ya uzi

Jumamosi, usiku. Upepo umevuma kutwa nzima, vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya daftari. Naandika kabla sijalala.

Tuko kwenye mada ya mawimbi, fizikia ya Kidato cha Nne. Vifaa vya maabara ni haba, kwa hiyo juzi niliwaambia wanafunzi walete kitu chochote cha nyumbani kinachotoa sauti. Binti mmoja wa Mvumi, huku kwetu Dodoma, akaja na ilimba ya babu yake, ala ya Wagogo ya vyuma vilivyobanwa ubaoni, ameiviringisha kwenye kanga. Akaipiga kidogo. Kijana anayepiga kinanda kwenye kwaya akasema papo hapo kwamba baadhi ya vyuma vimekosa sauti, haviendi na kinanda. Darasa likacheka. Nami nikamuunga mkono, nikasema vyombo vya asili huwa vinakadiria tu. Binti akaifunga ilimba yake taratibu, akakaa.

Jana tukapima. Simu yangu ina programu inayohesabu mitetemo kwa sekunde. Tukapiga chuma kimoja kimoja, tukaandika ubaoni, tukatafuta uwiano. Vikaja vikifuatana, karibu kabisa, kama 6, 7, 8, 9, 10. Huo ndio mfuatano wa sauti zinazojificha ndani ya uzi mmoja wa zeze, unapotetemeka kwa vipande vyake. Ile ya 7 kwenye kinanda haimo: kinanda kimeigawa oktavu, yaani nafasi kati ya sauti na mwenzake wa juu mwenye mitetemo maradufu, mafungu 12 yaliyo sawa, na sauti hiyo inaangukia kati ya vibonye viwili. Kijana wa kwaya alinyamaza, kisha akaomba vipigwe tena.

Halafu likaja la pili. Miaka yote nafundisha kwamba ukikata urefu nusu, mitetemo inakuwa maradufu. Nikawaambia watabiri: chuma cha sentimita 8, mwenzake wa oktavu ya juu atakuwa na ngapi? Wakasema 4, wote. Wakapima 5.6. Nikapima mwenyewe mara tatu. Kanuni yangu ni ya uzi uliobanwa ncha zote mbili. Chuma kilichobanwa upande mmoja, ukikikata nusu, mitetemo huwa mara nne. Na unene nao una neno lake. Chuoni nililisoma hili. Lilinitoka kwa sababu sikuwahi kulihitaji darasani, na sikulihitaji kwa sababu mifano yangu yote ni magita ya kwenye vitabu.

Leo nikapanda basi hadi Mvumi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesema ilimba yangu inakadiria?"

Nikamwomba radhi. Hakujibu, alinisogezea kigoda. Akachukua kijiwe, akagonga chuma kifupi kirudi ndani kidogo, akakipiga pamoja na mwenzake mrefu wa oktavu ya chini. "Huyu mama, huyu mwana. Sikiliza wanavyogombana." Nikasikia sauti ikiyumba, uu-uu-uu. Akagonga tena, kuyumba kukapungua. Akagonga tena, kukakoma. "Wamepatana."

Ule myumbo nimeufundisha miaka sita kwa kutoa tu idadi ya mitetemo ya sauti moja kwenye ya nyingine. Sijawahi kumsikilizisha mwanafunzi hata mmoja. Kisha akanionyesha tundu dogo mbele ya ubao, limefunikwa utando wa buibui, ndio unaoipa ilimba ule mvumo wake wa kukwaruza. Hilo nalo ni somo zima.

Njiani kurudi nimemfikiria Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mzaliwa wa huku kwetu, aliyefariki 2003. Watu wa Ulaya walilipa kiingilio kuisikia ilimba yake. Mwanafunzi wangu anaileta ya kwao imefichwa kwenye kanga.

Sitaki ujuzi huu uishie siku ya utamaduni, kwa shanga na picha. Nautaka mezani, uulizwe maswali magumu na uulize yake, kama ulivyoniuliza mimi jana. Najua mtihani wa taifa utakuja kwa Kiingereza na hautauliza habari za mama na mwana. Lakini atakayekuwa ameusikia myumbo ule ukikoma ataielewa ile namba ya mtihani ilikotoka.

Babu amekubali kuja. Ana sharti moja: ilimba hailali shuleni, na mjukuu wake ndiye atakayegonga vyuma, wengine wasikilize. Nauli yake nitaitoa mwenyewe kama ofisi haina.

Jumatatu, kabla sijashika chaki, nitamwambia binti yule mbele ya darasa yale niliyomwambia babu yake leo.