Kitogani mpaka Kizimkazi kwa miguu, na jua la kaskazi

Shemeji yangu ndo chanzo. Tangu nnunue vespa kila akiniona ananambia miguu yangu ishakufa, nkamwambia basi Jumapili nakwenda Kizimkazi kwa miguu kutoka Kitogani, huko kusini Unguja, na kile kicheko alichocheka ndo kilichonifunga. Kwa gari hujafumba jicho ushafika, ni kilomita ishirini na kitu tu. Lakini ilikuwa mwezi wa kwanza, kaskazi, vuli ishakwisha, na huko kusini ni maweni matupu, mvua yenyewe ikinyesha inazama palepale kwenye matumbawe, mto hakuna, ukitaka maji ni kisima, pango au kwa watu.

Nlilala kwa mamdogo Kitogani, nkasali Alfajiri nkatoka kabla jua halijachomoza. Maji lita tatu, na lita moja katika hizo mke wangu kaitia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, ile wanayopewa watoto wakiharisha, nkamcheka sana. Pama kichwani, kikoi shingoni, na raba siyo champali mana ukitoka kwenye lami tu yale mawe yanakata kama wembe.

Muungoni nlipita raha mustarehe. Shida ya mwanzo haikuwa jua, ilikuwa watu! Huku kwetu ukionekana na begi mgongoni barabarani basi wewe ni mzungu au gari imekuharibikia, kwa hiyo kila saa mtu anapunguza mwendo, "panda twende sheikh", ukisema ahsante nafanya mazoezi wanakutazama kama una jini. Konda wa 326, daladala ya Kizimkazi, alisimamisha gari nzima kwa ajili yangu, nkakataa, abiria wakaguna.

Muyuni ndo nlipokosea, nlikuwa nasubiri kiu ndo ninywe, natunza maji ati. Vichaka vya maweni vinakufika kifuani, havina kivuli, lami inakurudishia moto usoni, na ule upepo unakausha jasho kabla hujalihisi, unajiona mzima kumbe unakwisha. Kabla ya Kibuteni kichwa kikaanza kunigonga, mara malaika, vile vinyweleo, yakanisimama mikononi, nahisi baridi, saa sita mchana! Nkajua hapa si pa ubishi tena.

Nkaona nyumba ina mwembe, bi mkubwa kakaa anapepeta mchele.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu, gari imekuharibikia?"

Nguvu ya kueleza sikuwa nayo, nkasema ndiyo. Kanitandikia mkeka chini ya mwembe, kanilowesha kikoi kwa maji ya kisima nkajifunga kichwa na shingo, nkavua raba, nkanywa yale maji ya chumvi funda moja moja mana ukigida yanarudi. Chakula kwanza hakikupita, baadae muhogo wa nazi nkamaliza sahani. Nkasali Adhuhuri nkalala kama maiti mpaka saa tisa. Wazee wa huko huenda makondeni alfajiri, na jua likiwa la utosi hulikuti jitu barabarani, mimi mtoto wa mjini ndo nalitafuta mwenyewe.

Kuaga ikabidi niseme kweli, gari sina, kiherehere tu. Bi mkubwa alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

Kipande cha mwisho nlienda polepole, kila robo saa funda mbili nna kiu sina kiu. Kizimkazi Dimbani saa kumi na moja kasoro, nkaingia msikiti ule wa zamani, wenye maandishi ya Kikufi, khati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria ukutani kwenye kibla, 1107 hiyo. Sikuyatazama wallahi, kusujudu niliweza, kuinuka ndo mtihani, mapaja yalikaza mzee wa pembeni akanishika mkono.

Kurudi nkapanda gari ya mwisho, konda yuleyule. Akanitazama juu mpaka chini. "Si wewe wa mazoezi? Kaa mbele sheikh, lakini nauli mara mbili, na ile ya asubuhi."

Nkalipa.