Kumbukumbu ya mradi wangu: Motorfalke ya mwaka 1963 kwa kipimo cha moja kwa tano

Tarehe 12 Januari

Baada ya miezi mitatu ya kuchora na kufuta, leo nimekata mbavu za kwanza za bawa la kushoto, kwa hiyo nahesabu kwamba mradi umeanza rasmi. Ninajenga mfano mdogo wa kurushwa kwa rimoti wa Scheibe SF 25A Motorfalke, yaani glaida (ndege ambayo kwa kawaida huelea bila injini) iliyopewa injini, na iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi Mei 1963. Hapa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ninapoishi, wapenzi wa ndege wanaifahamu zaidi Falke ya baadaye, yenye mabawa ya chini, ambayo hadi leo haikosekani kwenye viwanja vya klabu. Mimi nimeichagua ile ya mwanzo yenye mabawa ya juu, kwa sababu inamwonyesha mbunifu wake akiwa bado njia panda: hajaiacha glaida, na ndege ya injini hajaifikia.

Mbunifu huyo, Egon Scheibe, alianza kubuni glaida miaka ya 1930 katika kikundi cha wanafunzi cha Akaflieg München, ambako ilitoka glaida ya Mü 13. Baada ya vita Wajerumani walikatazwa kuruka. Ujerumani Magharibi iliruhusiwa tena kurusha glaida mwaka 1951, lakini ndege za injini zilisubiri hadi 1955. Scheibe hakungoja. Mwaka huohuo wa 1951 alifungua kiwanda chake Dachau, karibu na München, akaanza kutengeneza Bergfalke, glaida ya watu wawili iliyotokana moja kwa moja na Mü 13. Motorfalke ni mtoto wa Bergfalke, na hilo ndilo lililoniamulia vipimo: bawa la Bergfalke lina upana wa mita 16.6 kutoka ncha hadi ncha, nami nimepata sentimita 332, ambazo haziingii kwenye chumba changu cha kazi isipokuwa mlango ukiachwa wazi.

Tarehe 9 Februari

Mabawa yote mawili yamesimama. Nimefuata ujenzi wa asili: boriti moja ya mbao, na sehemu yote iliyo mbele ya boriti kufunikwa kwa plaiwudi nyembamba ili iwe kama mrija usiopindika. Nyuma ya boriti ni mbavu tupu zinazosubiri kitambaa. Plaiwudi ya milimita 0.6 haikubali kukunjwa kwenye ncha ya mbele ya bawa mpaka uiloweshe maji ya moto, uifunge kwa mipira usiku kucha, kisha ndipo upake gundi. Niliharakisha upande wa kulia, na plaiwudi ikapasuka kwa mlio mdogo mkavu ambao kila fundi wa mbao anaujua na hataki kuusikia. Kipande hicho nimekibandua na kukirudia.

Mabawa haya yameelekea mbele kidogo badala ya kunyooka. Katika Bergfalke marubani hukaa mmoja nyuma ya mwingine. Kwa kuyaelekeza mabawa mbele, mashina yake hurudi nyuma, na rubani wa pili hukaa karibu na kitovu cha uzito. Awepo au asiwepo, ndege haibadiliki sana.

Tarehe 2 Machi

Bodi ya ndege halisi ni fremu ya mabomba ya chuma iliyovikwa kitambaa. Yangu ni ya waya ngumu za chuma zilizolehemiwa, na imenichukua majuma matatu ya jioni. Ndege imeanza kunifundisha kwenye kazi hii. Nilikuwa nikiamini kwamba kuipa glaida injini ni kukata pua, kufunga injini na rafadha, na kuifunika tena. Nilipoiweka injini yangu ya petroli ya mipigo minne mbele ya fremu yenye viti vya Bergfalke, na kuishika fremu pale kitovu cha uzito kilipotakiwa kuwa, pua ilianguka mezani kabla sijaiachia vizuri.

Sababu ni rahisi ukishaiona. Rubani wa mbele wa Bergfalke yuko mbali mbele ya bawa, na uzito wake ndio unaousawazisha mkia mrefu. Ukiongeza injini mbele ya miguu yake, unakuwa na mizigo miwili upande mmoja wa mizani. Lazima mmoja urudi nyuma, na injini haiwezi, kwa kuwa rafadha inataka nafasi yake puani. Basi rubani ndiye aliyerudi: Motorfalke iliwakalisha watu wawili bega kwa bega, chini ya bawa. Nimekata viti vyangu na kuvipanga hivyo, na fremu ikatulia.

Tarehe 23 Machi

Nimekwenda kwenye uwanja mmoja wa klabu kuiona SF 25B, ile ya mabawa ya chini. Mzee fundi wa hapo alifungua kifuniko cha injini bila kuombwa mara mbili. Ndani kulikuwa na Stamo MS 1500 ya nguvu farasi 45, jamaa wa karibu wa injini ya gari la Volkswagen. Aliniambia nipige teke tairi. Lilikuwa moja tu kubwa katikati ya tumbo, limezama nusu, na ndege imejizuia kulala kwa miguu miembamba yenye vigurudumu iliyoshuka kutoka mabawani.

Nimerudi nyumbani nikachonga marubani wawili wa mbao na kuwakalisha kwenye bodi yangu. Shina la bawa liko usawa wa vichwa vyao. Wakitazama mbele wanaona vizuri. Wakigeuka upande, macho yanakutana na mbao, na katika kona ndege inapolalia ubavu, bawa la ndani linaziba upande ule ule wanakotaka kwenda. Kwa glaida ya viti vya mmoja nyuma ya mwingine jambo hili lilivumilika. Watu wawili wakikaa sambamba, bodi inapanuka na bawa linawaminya. Sishangai kwamba kwenye SF 25B bawa lilishushwa chini ya viti, upana wake ukawa mita 15.3, na kwamba toleo hilo liliuzwa kuliko lile la mwanzo.

Tarehe 20 Aprili

Kitambaa kimekaa mabawani. Mkiani nimekosea: nilikaza kitambaa cha upande wa juu wa kibawa kimoja cha mkia kwa pasi kabla ya upande wa chini, na kikapinda milimita nne. Nimekirudisha kwa kukaza upande wa pili huku nikikishikilia kwa mkono, jambo ambalo vitabu havilipendekezi.

Tangi la petroli nimeliweka juu kabisa ya kitovu cha uzito, ili mafuta yakipungua pua isipande. Betri ya rimoti imekaa nyuma ya viti, mahali ambapo rubani wa pili wa Bergfalke angekuwa. Uzito wote ni kilo 8.4, kilo moja zaidi ya nilivyopanga, na nusu ya ziada hiyo ni rangi. Nilitaka ing'ae.

Tarehe 11 Mei

Leo injini imewaka kwenye bodi kwa mara ya kwanza. Mara tatu ilizimika kwa sababu sindano ya kabureta ilikuwa imefungwa mno. Ya nne ikashika, na mkia mzima ukatetemeka mpaka skrubu moja ya bawaba ikadondoka sakafuni. Nimezitoa zote na kuzirudisha kwa gundi ya kuzuia skrubu zisilegee.

Nimeipa gurudumu moja tu la tumboni, bila miguu ya pembeni, kwa hiyo kila ninapoiachia inalala kwa bawa la kushoto. Jumamosi, upepo ukiwa mdogo na nikipata mtu wa kukimbia akishika ncha ya bawa, nitaitembeza kwenye nyasi bila kuirusha.